Chokaa ya Buluu

Lubumbashi, 20 Januari 2024

Papa Éliane, mume wangu,

Nakusalimu wewe, mtoto, na mama mkwe. Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haina adabu. Barua hii anakuletea Germain wa treni, ndani ya katoni ileile atakayonirudishia ikiwa na mifupa. Usicheke. Najua simu ipo. Lakini kwenye simu tunaambiana bukari imeiva na mtoto amelala, kisha mama yako anataka naye asalimie, mtandao unakatika, na yaliyo moyoni yanabaki palepale. Wewe na mimi tulichumbiana kwa barua, ukiwa Kongolo na mimi Kalemie, na sikumbuki kama umewahi kuniambia neno tamu kwa mdomo.

Uliniuliza mke wa mtu anafanya nini na miguu ya mbuzi. Nitakueleza polepole. Zamani mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu yao ya atomiki, na vumbi lake likachukuliwa na upepo, likashuka na mvua juu ya majani duniani kote. Ndani ya vumbi hilo mna strontiamu yenye mionzi. Mbuzi anakula majani, na mwili wake hauwezi kuitofautisha strontiamu na kalsiamu. Unaipokea kama mgeni aliyefanana na watoto wa nyumba, unaipeleka kwenye mfupa, na huko inakaa miaka mingi. Tunataka kujua mbuzi wa kwetu Tanganyika wana kiasi gani, ili siku ikitokea ajali mahali tuwe na cha kulinganisha.

Kazi ngumu ni kuzitenganisha hizo mbili. Tunachoma mfupa mpaka uwe majivu meupe, tunayayeyusha kwa asidi kali, kisha tunayapitisha kwenye mrija mwembamba uliojaa chembechembe zinazoshika strontiamu na kuiacha kalsiamu ipite zake. Jean-Luc, fundi mkubwa wa labo, maabara yetu, ndiye anayenifundisha. Jean-Luc ana mkono mtulivu ajabu, tone lake halianguki kabla halijatakiwa. Jean-Luc anasema ninashika haraka kuliko wote aliowafundisha. Ndani ya katoni utakuta karatasi aliyoandika Jean-Luc, ya kukuonyesha namna ya kuchemsha na kukausha mifupa. Wewe ni veterineri, daktari wa mifugo, kazi ya mifupa unaijua, lakini ifuate karatasi.

Ripoti ikikamilika nitapewa cheti, na kwa cheti hicho nitaomba ile nafasi ya kupima maji na samaki hapo Kalemie. Nikifanya bidii nitafika Pasaka, nimvalishe Éliane gauni lake la komunyo ya kwanza kwa mikono yangu.

Na ule mpango wako wa kupaka chumba chokaa, ngoja nirudi. Nisije nikasikia umemwita Bibiane. Kalemie nzima ni yeye peke yake anayetia buluu ya kufulia kwenye ndoo ya chokaa ili ukuta ung'ae, na Kalemie nzima inajua mama yako alikuwa amekwisha kupeleka kuku wa posa kwao kabla hujaniona mimi. Nasema kwa utani. Nusu yake utani.

Mke wako,
Séraphine

*

Kalemie, 10 Februari 2024

Mama Éliane,

Katoni ilifika, Germain nilimpa samaki, mikebuka ya kukaanga, akashukuru. Barua yako niliisoma mara moja, nikaisoma tena. Kila nilipogeuza macho nilimkuta Jean-Luc. Jean-Luc anasema, Jean-Luc ana mkono. Mimi nimo mstari wa juu, na hapo umeniita kwa jina la mtoto.

Huo mkono mtulivu umeutazama muda gani mpaka ukajua tone lake linaanguka vipi? Na bwana huyo ana mke? Nauliza tu. Mtu akiwa na mke huwa anatajwa pamoja naye, na wewe hukumtaja.

Kule abatwari, ninapokagua nyama, Michel mchinjaji alinisimamisha mbele ya watu. “Veterineri, bibi yako atarudia lini? Watu wakiendaka Lubumbashi wanasahabu ata njia ya treni.” Wengine wakacheka. Nikamwambia aangalie kisu chake. Lakini neno lake nilirudi nalo nyumbani na nililala nalo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Séraphine, na fimbo yangu mimi iko Kalemie.

Mifupa nimekutumia, ya Zongwe, ya Ankoro, ya Kongolo na ya hapa, kila mfuko na jina lake. Kama nilivyokuambia kwa simu, nje mbwa waliizengea, hivyo niliikaushia chumbani kwetu. Karatasi ya bwana wako nayo ilifika, nimeipatia kazi.

Nyumbani kuna jambo ninaliandaa. Utaliona ukifika Pasaka, kama utafika.

Norbert

*

Lubumbashi, 8 Machi 2024

Papa Éliane,

Jean-Luc hana mke. Walitengana miaka iliyopita. Ni wa rika lako, na kanisani anaimba vibaya sana. Umeuliza, nimejibu, sasa tulia.

Hukuniuliza kama nakula. Hukuniuliza kama asidi imenichoma, na imenichoma, kwenye kiganja cha kushoto. Umeuliza habari za mwanaume, ukamaliza karatasi.

Nina shida kubwa kuliko wivu wako. Kabla ya kuanza, ndani ya kila sampuli tunatia strontiamu safi isiyo na mionzi, kipimo tunachokijua. Inasafiri na ile ya mfupa njia yote, kwenye asidi, kwenye mrija, hadi mwisho. Hapo tunapima imerudi kiasi gani, ndipo tunajua njiani tumepoteza nini. Daima kuna kinachopotea. Lakini mifupa yako inarudisha zaidi ya tulichotia, hata tukiondoa ile kidogo ambayo kila mfupa huwa nayo. Ni kama kumpa mtu mayai kumi ayapeleke kwa jirani, naye anafika na kumi na mawili. Tumerudia, na bado.

Mkuu wa labo amenisimamisha mbele ya wenzangu. Anasema mkono wangu si safi, kwamba naiacha kalsiamu iingie na strontiamu kisha napima vyote. Nisipotoa namba zinazokubalika, jina langu halimo kwenye ripoti. Bila ripoti hakuna cheti, na ile nafasi ya Kalemie atapewa mwingine. Jean-Luc peke yake alinitetea. Alimwambia mkuu kwamba mimi sina kosa, kuna kitu cha nje kimeingia.

Kurudia kunakula muda. Strontiamu ikishatengwa tunaiacha wiki mbili, maana yenyewe inageuka polepole kuwa kitu kingine, itriamu, na hicho ndicho kinachopimwa mionzi. Haiharakishwi kwa maombi wala kwa hasira. Kwa hiyo Pasaka sitafika. Mwambie Éliane wewe. Mimi nilijaribu kwa simu, nikaishia kumuuliza habari za viatu.

Mke wako,
Séraphine

*

Kalemie, 4 Aprili 2024

Kwa Bwana Jean-Luc, labo, Lubumbashi

Bwana,

Hatujuani. Mimi ni Norbert, veterineri wa abatwari ya Kalemie, mume wa Séraphine, niliyemwoa kwa mahari, kwa kanisa na kwa Leta, kwa cheti cha serikali.

Jumapili ya Pasaka binti yetu alipokea komunyo ya kwanza. Gauni alifungwa na bibi yake, na vifungo vya mgongoni vilikuwa vimepishana kimoja. Kila mama aliyepita alivitazama, na mimi nilimwona akivitazama. Nakuandikia hili ili ujue muda wa wiki mbili, huku kwetu, unapimwa kwa nini.

Mke wangu ameniandikia kwamba, kwa maneno yako, kuna kitu cha nje kimeingia. Nami nasema hivyohivyo.

Kazi yako, nimeambiwa, ni kutenganisha vitu. Basi tenganisha mifupa, watu waachie. Nakuomba kwa heshima uhamie meza nyingine.

Norbert

*

Lubumbashi, 29 Aprili 2024

Norbert,

Jean-Luc aliisoma barua yako, akaiweka juu ya meza yangu, akachukua vyombo vyake akahamia meza ya dirishani. Toka siku hiyo akitaka kuniambia jambo anaacha kikaratasi. Labo nzima inauliza kuna nini kati yetu. Hakukuwa na kitu cha kuuliza mpaka ulipokitengeneza wewe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Habari za vifungo umemwandikia mtu baki. Mimi mama yake hukuniandikia.

Sasa sikiliza langu. Kwa kuwa nilibaki peke yangu, nilifanya kazi kwa njia yangu. Nilichukua mguu mmoja wa Zongwe ambao hatujauchoma, nikauinamia kwenye mwanga kama mama anavyochagua mawe kwenye mchele. Kwenye ufa wa goti palikuwa na unga mweupe umeganda. Nikaudondoshea asidi, ukatoa povu kali ambalo mfupa hautoi. Chokaa. Chokaa inatoka kwenye jiwe, na jiwe lina strontiamu yake ya asili. Hiyo ndiyo iliyozidisha hesabu. Mkono wangu ulikuwa safi siku zote. Nilitaka kukimbia nikamwambie mkuu.

Kisha nikauona unga ule vizuri zaidi. Ulikuwa na buluu.

Kidogo tu, ya mbali, kama shuka lililosuuzwa vizuri. Watu wote wa labo hii wangeitazama wasione kitu. Mkuu nilimwambia ni chokaa, akaniomba radhi mbele ya walewale. Buluu sikumwambia. Buluu ile ni yangu peke yangu, nimeibeba kifuani kutwa nzima, na usiku imekaa nami.

Mifupa ilikauka chumbani kwetu, uliandika mwenyewe. Basi na ndoo ya Bibiane ilikuwa chumbani kwetu. Nilikuomba jambo moja tu mwezi wa kwanza, nikasema nusu utani ili usione naogopa. Ndilo hilo ulilolifanya. Halafu wewe ndiye unayeniuliza habari za mkono wa mtu. Nyani haoni kundule.

Nimemwona Bibiane akipaka nyumba za watu. Anapandisha kitenge magotini, anaimba, hana haraka. Nimemwona juu ya ngazi yangu, mbele ya kitanda changu, kila nikifumba macho kwa juma zima. Nina wivu, Norbert. Sijui niuandike kwa namna gani nyingine. Nina wivu mpaka chakula kina ladha ya chaki.

Mkuu, sasa anaujua mkono wangu, ameniomba nibaki Lubumbashi, kazi ya kudumu, na Éliane atapata shule. Sijamjibu. Mifupa mingine inahitajika kwa ripoti, mkitaka tumeni, msipotaka acheni.

Sitauliza mara mbili. Bibiane alikuwa anafanya nini chumbani kwangu?

Séraphine

*

Kalemie, 20 Mei 2024

Mama Éliane,

Alikuwa anapaka ukuta. Huo ndio ukweli wote, na naona jinsi ulivyo mfupi.

Uliniambia nisimwite. Nilimwita siku ileile niliyoisoma barua yako ya kwanza, na nilijua ninafanya nini. Nilitaka ukute chumba cheupe, hilo ni kweli. Lakini nilitaka pia usikie amekuja, uumie kidogo kama nilivyoumia mimi kwa Jean-Luc. Kisha alipofika na ndoo yake nikaogopa nilichokianzisha, nikakuficha jina lake. Mama aliketi mlangoni kutwa, anachambua majani ya sombe, hakuondoka. Ndiye shahidi wangu, na najua kwako shahidi huyo ni sawa na kukosa shahidi, maana angefurahi zaidi kama kungekuwa na la kushuhudia.

Mifupa ilikuwa chini, juu ya mkeka. Bibiane akashuka kwenye ngazi akasema, “Papa Éliane, hii mifupa iko inaleta nzi. Acha niweke chokaa kidogo.” Nikamwambia aweke. Abatwari nasi tunamwagia chokaa matumbo yanayonuka, sikuona ubaya. Akatupa konzi mbili za unga wake aliokwisha kuuchanganya na buluu, ambao bado haujatiwa maji, akapanda tena. Baadaye niliikung'uta mifupa nikaona imekuwa safi.

Utauliza, je, karatasi ya Jean-Luc haikusema? Sikuisoma. Meza yetu ya kulia ina mguu mfupi, unaukumbuka. Niliikunja karatasi yake mara nne nikaitia chini ya mguu huo, na kila nilipokula niliegemea kiwiko. Barua yako ya mwisho ilipofika niliitoa. Mguu umeitoboa katikati, lakini pameandikwa wazi: usitie chumvi, usitie majivu, usitie chokaa. Kwa hiyo aliyekusimamisha mbele ya wenzako ni mimi. Aliyemnyima Éliane mama siku ya komunyo ni mimi. Nimemwambia mtoto hivyo. Alinitazama, akauliza kama vifungo pia ni mimi.

Tangu juzi natafuta neno moja la kukuonyesha kwamba kati yangu na Bibiane hakuna kitu, na silipati. Nikiandika machache naonekana naficha, nikiandika mengi naonekana naficha zaidi. Sasa nimejua ulivyokuwa ukikaa na kalamu mkononi, wewe usiye na kosa, ukitafuta namna ya kunijibu kuhusu mtu yule. Nilikukalisha hapo tangu Februari.

Wivu wangu haujaisha. Sikudanganyi. Nikiandika Jean-Luc mkono unakuwa mzito hata sasa.

Mifupa mipya imo. Zongwe nimekwenda mwenyewe kwa mtumbwi wa mota, nimechagua mbuzi mwenyewe, nimelowa mpaka kiunoni. Ankoro na Kongolo wenzangu wamenitumia ikiwa na nyama yake, ili mkono wowote usiiguse kabla ya wangu. Nimeichemsha kwa maji matupu kwenye sufuria mpya, nimeisugua kwa burashi mpya, nimeikaushia juu ya paa la ofisi yangu ya abatwari chini ya chandarua, na Michel anacheka. Kwenye kila mfuko nimenakili sheria zote za Jean-Luc kwa mkono wangu, nikaweka alama mbele ya kila moja niliyoifuata. Ndani mna na mistari miwili kwa Jean-Luc. Mpe.

Ukuta nitaukwangua, sema tu.

Ukiamua kubaki huko, niandikie wewe. Nisisikie kwa Germain, wala kwa Michel.

Norbert wako

*

Lubumbashi, 22 Juni 2024

Papa Éliane, mume wangu,

Mifupa yako imepita. Strontiamu tuliyotia imerudi pungufu kidogo, kama inavyotakiwa, na kilichopotea njiani tunakijua. Kalsiamu ilishuka yote, ikaenda zake. Mionzi iliyomo ni kidogo sana, mbuzi wa Zongwe wanaweza kuendelea na maisha yao. Jina langu limo kwenye ripoti, na cheti ninacho, kimekunjwa ndani ya kitenge ili kisilowe.

Mistari yako miwili Jean-Luc aliisoma akaitia mfukoni. Kesho yake alirudi meza yake ya zamani. Sijui ulimwandikia nini na usiniambie.

Lakini nina la kukuambia mimi, maana usipolisikia kwangu utalisikia siku nyingine kwa ubaya. Siku moja baada ya mkuu kuniomba nibaki, buluu ikiwa bado kifuani, nilipanda ghorofani kwenye biro ya mkuu nimwambie nabaki. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Mlango ulikuwa umefungwa, amekwenda kula. Ningemkuta, leo ningekuwa mtu wa Lubumbashi, na wewe ungekuwa na haki ya kumsikiliza Michel. Nilisimama pale kidogo, njaa ikanishika, nikashuka.

Kisha katoni yako ikafika. Nilifungua mfuko wa kwanza nikakuta sheria za Jean-Luc kwa mwandiko wako ule wa kuku aliyevuka matope. Hata pale alipokosea tarehe, umeikosea vilevile. Mfuko wa pili hivyohivyo. Mfuko wa nne hivyohivyo. Mtu ambaye jina lake tu linakunyima usingizi, umekaa ukanakili maneno yake mara nne kwa ajili yangu. Nilicheka peke yangu, watu wakanitazama, nikaomba ruhusa nikatoka nje nikalia kwenye ngazi. Nilipanda tena kwa mkuu, safari hii alikuwepo, nikamwambia hapana.

Nakuja na treni ya Germain, mwezi ujao, ikipenda. Mwambie Éliane anisubirishie lile gauni. Nataka kulifunga vifungo, hata kama ni kwa kukaa sebuleni tu.

Ukuta usiukwangue. Nitalala nikiutazama. Siku utakayoniuliza habari za Jean-Luc sitafungua mdomo, nitakuonyesha ukuta. Na siku nitakapokuuliza habari za Bibiane, maana nitakuuliza, najijua, utanionyesha ile karatasi yenye tundu la mguu wa meza, nikumbuke kwamba siku zile uliyemwaza ni Jean-Luc, si yeye. Itunze vizuri, utaihitaji.

Ila godoro litoe nje, ulipige kwa fimbo, ulianike juani mpaka siku nitakayofika. Chokaa inaingia kila mahali.

Mke wako,
Séraphine